Kupanua Zope na ZODB: kutoka mchakato mmoja hadi kundi la seva

Zope, seva ya programu za wavuti iliyoandikwa kwa Python, ikishasakinishwa huwa ni mchakato mmoja unaosoma na kuandika faili moja, Data.fs, ambamo hifadhidata yake ya objekti, ZODB, imehifadhiwa. Mpango huo unaitosha tovuti yenye wahariri watatu na wasomaji wa hapa na pale. Siku chuo kinapobandika matokeo na wanafunzi wote wakafungua ukurasa uleule ndani ya saa moja, kiini kimoja cha prosesa hujaa hadi asilimia 100 huku vingine vimekaa bure, na maombi yanaanza kupanga foleni. Kununua mashine yenye viini vingi zaidi hapo ni kupoteza pesa. Python ya kawaida huruhusu uzi (thread) mmoja tu kutekeleza msimbo kwa wakati mmoja ndani ya mchakato, kwa hiyo hata ukiipa viini 32, Zope hiyo itatumia kimoja na sehemu ndogo ya cha pili.

Maelezo haya ni ya Zope 4 na 5, pamoja na Plone 5.2 na 6, mfumo wa kusimamia maudhui unaosimama juu yake. Kabla ya kugusa usanidi wowote, shika jambo moja ambalo maamuzi mengine yote yanalitegemea: katika ZODB kusoma kunapanuka, kuandika hakupanuki. Wasomaji unaweza kuwaongeza upendavyo, kila mmoja na akiba (cache) yake. Lakini kila muamala (kundi la mabadiliko yanayohifadhiwa pamoja) unaoandika hupita mlango mmoja, na wanaoandika objekti ileile kwa pamoja hugongana. Ukiongeza seva bila kupunguza maandishi yasiyo ya lazima, migongano inaongezeka na tovuti inazidi kuwa nzito.

Pima kwanza

Vipimo vitatu vinatosha kukuonyesha tatizo liko wapi.

Cha kwanza ni `top`. Mchakato wa Zope ukikaa karibu na asilimia 100 muda wote, kazi iko kwenye Python: violezo, katalogi (faharasa ya kutafutia maudhui), hesabu. Ukikaa asilimia 20 na bado kurasa ni nzito, Zope inasubiri kitu kingine: diski, mtandao, au huduma ya nje inayoitwa katikati ya ombi. Ili kujua inasubiri nini, sakinisha py-spy, zana inayoonyesha msimbo wa Python unaoendeshwa sasa, kisha wakati wa mzigo endesha `py-spy dump --pid 1234` mara tano au sita kwa kupishana sekunde chache. Mstari unaojirudia katika nyuzi zote ndio mtuhumiwa wako.

Cha pili ni ukurasa wa Activity ndani ya ZMI, kiolesura cha usimamizi cha Zope, chini ya Control Panel, kwenye hifadhidata ya main. Unaonyesha objekti ngapi zimepakiwa kutoka hifadhidata na ngapi zimeandikwa katika kipindi fulani. Takwimu hizo ni za mchakato huo mmoja tu, kwa hiyo ukiwa na michakato kadhaa ya Zope fungua ukurasa wa kila mmoja kwa poti yake. Idadi ya upakiaji ikibaki juu hata baada ya tovuti kutumika kwa saa nzima, akiba ni ndogo mno au kuna ukurasa unaoamsha objekti nyingi kuliko inavyohitajika.

Cha tatu ndicho watu wengi hawakijui, nacho ndicho chenye faida kubwa:

    python -m ZODB.scripts.fstail -n 200 /srv/zeo/Data.fs

Amri hii inachapa miamala 200 ya mwisho: saa, jina la mtumiaji, njia ya ukurasa ulioandika, na ukubwa wa muamala kwa baiti. Isome polepole. Katika tovuti yenye afya utaona wahariri wakihifadhi kurasa. Katika tovuti mgonjwa utaona mstari ambao sehemu yake ya `user` ni tupu, yaani msomaji asiyeingia, na njia ya ukurasa wa kawaida wa mbele, ukijirudia kila sekunde. Maana yake kusoma ukurasa kunaandika kwenye hifadhidata: kihesabu cha wageni, tarehe ya "mara ya mwisho kuonekana", au programu jalizi inayounda hifadhi yake ndogo kila inapoitwa. Tengeneza hilo kwanza. Hakuna idadi ya seva itakayokuokoa kama kila msomaji ni mwandishi.

Tenganisha hifadhidata: ZEO

Data.fs hufunguliwa na mchakato mmoja tu. Ukijaribu kuifungua na wa pili utapata LockError kwenye faili ya Data.fs.lock, na kufuta faili hiyo kwa nguvu ili "iende" ni njia ya haraka ya kuharibu data. Njia sahihi ni ZEO: mchakato mmoja unaimiliki Data.fs, na michakato ya Zope inaunganishwa nao kama wateja kupitia TCP.

Kwenye seva ya hifadhidata, sakinisha kifurushi cha ZEO na uandike zeo.conf:

    <zeo>
      address 10.0.0.5:8100
      invalidation-queue-size 5000
    </zeo>
    <filestorage 1>
      path /srv/zeo/Data.fs
      blob-dir /srv/zeo/blobstorage
    </filestorage>

Iwashe kwa `runzeo -C zeo.conf`, chini ya systemd ili irudi yenyewe mashine ikizima. Data.fs iwe kwenye diski ya SSD iliyomo ndani ya seva hiyohiyo. Usiiweke kwenye NFS, yaani diski ya mtandao.

Thamani ya `invalidation-queue-size` kwa kawaida ni 100 na ni ndogo mno. ZEO hukumbuka orodha ya objekti zilizobadilishwa na miamala hiyo ya mwisho. Mteja akikatika kwa dakika chache kisha akarudi, huuliza "nimekosa nini?" Kama miamala iliyopita ni mingi kuliko foleni, jibu halipo, na akiba yake ya diski haiwezi tena kuaminiwa ilivyo. Mteja huyo ataanza baridi huku tovuti ikiwa moto. Kumbukumbu inayoliwa na foleni ya 5000 ni ndogo.

Kwa kila mteja, ndani ya zope.conf:

    <zodb_db main>
      mount-point /
      cache-size 30000
      <zeoclient>
        server 10.0.0.5:8100
        storage 1
        client zope1
        var /srv/zope1/var
        cache-size 256MB
        blob-dir /srv/zope1/blobs
        shared-blob-dir off
        blob-cache-size 2GB
      </zeoclient>
    </zodb_db>

Kuna `cache-size` mbili hapo na hazifanani. Ya juu ni idadi ya objekti zilizo hai ndani ya RAM, kwa kila muunganisho. Ya ndani ya `zeoclient` ni akiba ya diski ya mchakato mzima, ambayo kwa kawaida ni MB 20 tu. Neno `client` linaifanya akiba hiyo ya diski ibaki hata baada ya kuwasha upya. Bila hilo, kila ukisambaza toleo jipya la msimbo wateja wote wanaanza mikono mitupu na kuivamia ZEO kwa pamoja. Kila mchakato uwe na jina lake: faili ya akiba hufungwa na mmoja, wa pili hatawaka nayo.

Mambo mawili kuhusu seva ya ZEO husahaulika. Kwanza, usalama. Ukiiacha bila TLS, poti 8100 haimuulizi mtu nenosiri, na data inayopita humo ni pickle, muundo wa Python wa kuhifadhi objekti, ambao unaweza kubeba msimbo wa kutekelezwa. Anayeifikia poti hiyo ameifikia hifadhidata yote na pengine mashine. Ifunge kwa ukuta wa moto, iruhusu anwani za wateja wako tu. Pili, ZEO ndiyo inayosuluhisha migongano, hivyo inahitaji madarasa ya objekti zinazohusika. Ukiiendesha kwenye mazingira yasiyo na vifurushi vya programu yako, objekti ambazo zingesuluhishwa kimyakimya zitarusha ConflictError. Sakinisha vifurushi vilevile pande zote mbili, toleo kwa toleo.

Michakato mingapi, nyuzi ngapi, akiba kiasi gani

Kila uzi wa Zope hufungua muunganisho wake wa ZODB, na kila muunganisho una akiba yake ya objekti isiyoshirikiwa na mwenzake. Mchakato wenye nyuzi 4 na `cache-size 30000` unaweza kushika objekti 120,000, nyingi zikiwa nakala nne za vitu vilevile. RAM inaondoka hivyo, na ndiyo maana nyuzi nyingi ndani ya mchakato mmoja hazilipi: zinagombea kiini kimoja huku kila moja ikidai kumbukumbu yake.

Anza na mchakato mmoja kwa kila kiini, nyuzi mbili kwa kila mchakato. Uzi wa pili unafaa pale wa kwanza unaposubiri ZEO au unapotuma faili. Kwa mashine ya viini 8 na RAM ya GB 16 inayobeba kila kitu, weka michakato 6 ya Zope na uache viini viwili kwa ZEO, HAProxy (kigawa mzigo) na Varnish (akiba ya mbele). Ikiwa ZEO iko kwenye mashine yake, ipe prosesa yenye kasi ya kiini kimoja, maana nayo ni mchakato wa Python, na iachie RAM ya kutosha ili mfumo endeshi uweke vipande vya Data.fs kwenye kumbukumbu.

Idadi ya nyuzi huwekwa kwenye zope.ini:

    [server:main]
    use = egg:waitress#main
    host = 10.0.0.11
    port = 8081
    threads = 3

Kwa nini 3 na si 2 kama ilivyosemwa juu, tutafika kwenye HAProxy. Usipandishe nyuzi juu ya `pool-size` ya ZODB, ambayo ni 7 isipobadilishwa. Ukivuka utaona onyo kwenye logi kuhusu miunganisho iliyo wazi kuliko bwawa lake.

Ukubwa wa akiba utafute kwa kupima. Panda kwa hatua: 30,000, kisha 60,000, ukiangalia upakiaji kwenye Activity na RAM kwenye `top` baada ya saa moja ya matumizi ya kweli. Upakiaji ukiacha kushuka, simama hapo. Kama objekti zako zinatofautiana sana kwa ukubwa, ongeza `cache-size-bytes` ili kuweka kikomo cha baiti. Kumbuka pia kwamba akiba hupunguzwa kwenye mipaka ya miamala. Skripti inayopita kwenye kurasa laki moja ndani ya muamala mmoja itazipakia zote RAM bila kujali kikomo, isipokuwa uiambie yenyewe ipumue:

    if i % 500 == 0:
        transaction.savepoint(optimistic=True)
        site._p_jar.cacheGC()

Ikiwa RAM ya michakato inapanda tu na haishuki hata mzigo ukiisha, jaribu `MALLOC_ARENA_MAX=2` kwenye mazingira ya huduma, au jemalloc. Mara nyingi kumbukumbu haivuji. Imegawanyika vipande ambavyo glibc, maktaba ya msingi ya Linux, hairudishi.

Umbali kati ya Zope na ZEO una gharama ambayo haionekani kwenye mashine ya msanidi. Tuseme ukurasa unahitaji objekti 800 ambazo hazimo kwenye akiba, na safari moja ya kwenda ZEO na kurudi inachukua nusu milisekunde. Hiyo ni milisekunde 400 za kusubiri tu. Ukiiweka ZEO kwenye kituo kingine cha data, umbali wa milisekunde 10, ukurasa uleule unachukua sekunde 8. Wateja na ZEO wakae kwenye mtandao mmoja wa ndani, bila mjadala.

Na mara nyingi hizo objekti 800 hazikuhitajika. Chanzo cha kawaida ni orodha inayoita `brain.getObject()` kwa kila tokeo la katalogi ili kupata kichwa cha habari na tarehe. Vyote viwili vimo tayari kwenye safu za metadata za katalogi, tumia `brain.Title` na `brain.effective`. Kama sehemu unayoitaka haimo, iongeze kwenye metadata na ujenge upya katalogi mara moja. Mabadiliko hayo ya mistari miwili mara nyingi huzidi faida ya seva mpya.

Kigawa mzigo

HAProxy inafanya kazi hii vizuri:

    backend zope
      balance leastconn
      option httpchk GET /ok
      timeout queue 30s
      timeout check 5s
      server z1 10.0.0.11:8081 check inter 5s fall 3 maxconn 2
      server z2 10.0.0.11:8082 check inter 5s fall 3 maxconn 2
      server z3 10.0.0.12:8081 check inter 5s fall 3 maxconn 2

Kiini cha usanidi huu ni `maxconn`. Waitress, seva ya HTTP iliyotajwa kwenye zope.ini, hupokea miunganisho mingi kuliko nyuzi zake na kuipanga foleni ndani kwa ndani. Utaiona ikilalamika kwenye logi kwa "Task queue depth". Ombi likishaingia foleni hiyo halihami tena, hata kama mchakato wa jirani umepata nafasi. Ukiweka `maxconn 2`, foleni inabaki HAProxy, na ombi linaenda kwa yeyote atakayekuwa wa kwanza kuwa huru.

Uzi wa tatu kwenye zope.ini unaachiwa ukaguzi wa afya. Ukaguzi hauhesabiwi ndani ya `maxconn`, na kama nyuzi zote zimeshikwa na kurasa nzito, jibu la `/ok` linachelewa, HAProxy inaitangaza seva imekufa, mzigo wake unahamia kwa wenzake, nao wanazidiwa na kutangazwa wamekufa mmoja baada ya mwingine. Tovuti nzima huanguka ikiwa na seva zote hai. Uzi huo wa ziada hauongezi RAM sana, kwa sababu bwawa la ZODB hutoa kwanza muunganisho uliotumika karibuni zaidi. Ukurasa wa `/ok` unapatikana kwenye Plone za sasa. Kwenye Zope tupu tengeneza mwonekano mdogo unaorudisha neno moja.

Je, mtumiaji abaki kwenye seva ileile? Kwa kuingia kwenye Plone si lazima, kwani kidakuzi chake kimesainiwa na wateja wote wanasoma siri ileile kutoka hifadhidata. Lazima inakuja kama programu yako inatumia vikao vya zamani vya Zope vilivyohifadhiwa kwenye RAM ya mchakato. Hapo mtu anaingia kwenye z1, ombi lake la pili linaenda z2, na kikapu chake kimetoweka. Dawa ya haraka ni `cookie SERVERID insert indirect nocache` na kutaja `cookie z1` kwa kila seva. Dawa ya kudumu ni kuviondoa vikao hivyo.

Tenga mteja mmoja asiyepokea wasomaji kabisa. Kazi za usiku, uingizaji wa data, ujenzi upya wa katalogi, vyote viende huko. Kazi ya dakika kumi ikikalia uzi wa mteja wa kawaida, umepoteza nusu ya uwezo wa mchakato huo, na akiba yake imejaa objekti ambazo hakuna msomaji anayezitaka.

Migongano ya kuandika

Miamala miwili ikibadilisha objekti ileile, wa kwanza kukamilika hupita na wa pili hupata ConflictError. Zope hulirudia ombi lote tangu mwanzo, hadi mara 3, kabla ya kumwonyesha mtumiaji hitilafu. Kwa hiyo migongano unayoiona kwenye logi ikiwa na maneno ya kurudia bado haijamfikia mtu, lakini kila marudio ni kazi iliyofanywa bure.

Hapa kuna hatari inayopaswa kuchukuliwa kwa uzito. Ombi likirudiwa, kila kitu ndani yake kinarudiwa, hata kile kisichoweza kufutwa. Kama msimbo wako unaita huduma ya malipo, tuseme ombi la M-Pesa, halafu muamala wa ZODB ukagongana, huduma ile itaitwa tena. Mnunuzi anaweza kukatwa pesa mara mbili. Wito wa namna hiyo uufunge kwenye hatua ya baada ya kukamilika kwa muamala, au uuweke kwenye foleni ya kazi za pembeni kama Celery, na kila wito uwe na namba ya kipekee ambayo upande wa pili unaweza kuikataa ikija mara ya pili. Barua pepe kupitia MailHost ya Zope hungoja muamala ukamilike, hivyo hizo ziko salama usipolazimisha zitumwe papo hapo.

Kupunguza migongano ni kazi ya muundo wa data. Mfano rahisi:

    # hugongana kila mara
    self.idadi = self.idadi + 1

    # husuluhishwa
    from BTrees.Length import Length
    self.idadi = Length()
    self.idadi.change(1)

Katika ya kwanza, wawili wakiongeza kwa pamoja, mmoja hurudi mwanzo. Length ina mbinu ya `_p_resolveConflict` inayojumlisha tofauti za wote wawili. Isitoshe ni objekti ndogo inayojitegemea. Namba iliyokaa kama sifa ya kawaida inalazimisha objekti kubwa inayoibeba iandikwe yote.

Kamusi ya PersistentMapping nayo ni objekti moja. Ikiwa na maingizo 10,000, kuongeza moja kunaandika upya yote 10,000 na kugongana na kila mwandishi mwingine. OOBTree hugawanya maingizo kwenye ndoo zisizozidi 30, kila ndoo ikiwa objekti yake. Wanaoandika ndoo tofauti hawagongani, na hata ndani ya ndoo moja, funguo tofauti husuluhishwa. Kisichosuluhishwa ni ndoo inapojaa na kugawanyika kuwa ndoo mbili.

Kutokana na hilo, funguo zinazopanda kwa mfuatano, kama saa ya sasa au namba za mfuatano, ni mbaya kwenye BTree inayoandikwa na wengi. Waandishi wote huishia kwenye ndoo ya mwisho, nayo ndiyo inayogawanyika kila mara. Tazama katalogi ya Zope inavyofanya: kila muunganisho huchagua namba ya bahati nasibu ya kuanzia, kisha unahesabu kutoka hapo, hivyo nyuzi mbili hazikai ndoo moja. Iga hilo kwa funguo zako za ndani, na uiweke tarehe kwenye thamani.

Katalogi yenyewe hubaki kuwa mahali pa moto, hasa faharasa ya maandishi. Ikiwa wahariri wengi wanahifadhi kwa pamoja na logi imejaa migongano ndani ya SearchableText, hamishia utafutaji wa maandishi kwenye Solr au Elasticsearch na uiondoe faharasa hiyo kwenye ZODB.

Akiba ya mbele

Ombi lisilofika Zope ndilo la haraka kuliko yote. Weka Varnish mbele ya HAProxy, na kwenye Plone washa plone.app.caching pamoja na ufutaji wa akiba ukurasa unapohaririwa. Kwa kawaida Varnish haihifadhi ombi lolote lenye kidakuzi, na vidakuzi vya takwimu kama `_ga` vinatosha kuifanya isihifadhi chochote. Katika `vcl_recv` futa vidakuzi vyote isipokuwa `__ac`. Chenye `__ac` ni mtu aliyeingia, mpitishe moja kwa moja. Kisha hakiki kwa `curl -I`: kichwa cha `Age` kikiwa 0 kila unapouliza, akiba haifanyi kazi.

Nginx inabaki mbele kabisa kwa ajili ya TLS, nayo ndiyo inayoandika njia ya VirtualHostMonster, sehemu ya Zope inayojenga viungo kwa anwani ya nje ya tovuti. Kwa namna hii:

    proxy_pass http://127.0.0.1:6081/VirtualHostBase/https/www.example.org:443/Plone/VirtualHostRoot/;

Ukilikosea neno moja hapo, viungo vyote vya tovuti vitaonyesha anwani ya ndani.

Kubana na kuhifadhi nakala

Data.fs hukua tu. Kila uhariri huongezwa mwishoni na toleo la zamani hubaki, mpaka uibane:

    zeopack -d 7 10.0.0.5:8100

Hiyo inaacha historia ya siku 7. Ifanye usiku, mara moja kwa wiki. Wakati wa kubana, ZEO huandika faili mpya kando ya ile ya zamani, na ya zamani hubaki kama Data.fs.old, hivyo hakikisha diski ina nafasi huru isiyopungua ukubwa wa Data.fs yenyewe. Watu hugundua hilo diski ikiwa imeshajaa na kuandika kumesimama.

Nakala rudufu huchukuliwa tovuti ikiendelea kutumika:

    repozo -BvzQ -r /srv/nakala -f /srv/zeo/Data.fs
    rsync -a /srv/zeo/blobstorage/ /srv/nakala-blob/

Mpangilio huu ni wa lazima: Data.fs kwanza, blobu (faili kubwa kama picha, zinazokaa nje ya Data.fs) baadaye. Blobu ya ziada isiyo na mwenyewe haina madhara. Ukigeuza, Data.fs itataja picha ambazo hazikuwepo rsync ilipopita, na siku ya kurejesha utapata POSKeyError, yaani kosa la kitu kisichopatikana. Kubana kusiingie katikati ya hatua hizo mbili, maana kubana hufuta blobu. Rejesha kwenye mashine ya majaribio mara kwa mara kwa `repozo -Rv -r /srv/nakala -o Data.fs`.

ZEO izimwe kwa utaratibu, isiuawe kwa `kill -9`. Data.fs.index ikipotea au ikiachwa nyuma sana, inapowaka italazimika kupitia faili yenyewe kujenga faharasa upya, na kwa faili ya makumi ya GB huo ni muda mrefu wa tovuti kuwa chini.

Lini uhamie RelStorage

ZEO ikijaza kiini chake wakati wateja bado wana nafasi, au ukihitaji seva ya pili inayosubiri na kuchukua nafasi mara moja ya kwanza ikifa, RelStorage ndiyo hatua inayofuata. Inahifadhi objekti zilezile ndani ya PostgreSQL, MySQL au Oracle. Msimbo wa programu haubadiliki, na sheria za migongano zinabaki zilezile. Unachopata ni hifadhidata inayotumia viini vingi, urudufishaji wa PostgreSQL, na akiba inayoshirikiwa na nyuzi zote za mchakato kupitia `cache-local-mb`, ambayo ni vizuri kuipandisha toka MB 10 za kawaida hadi mia kadhaa. Kama unataka tu nakala hai ya Data.fs kwenye mashine ya pili, zc.zrs inafanya hivyo bila kuihama FileStorage.

Uhamisho unahitaji faili hii:

    <filestorage source>
      path /srv/zeo/Data.fs
      blob-dir /srv/zeo/blobstorage
    </filestorage>
    <relstorage destination>
      keep-history false
      blob-dir /srv/zope/blob-akiba
      shared-blob-dir false
      <postgresql>
        dsn dbname='zodb' user='zope' host='10.0.0.6'
      </postgresql>
    </relstorage>

Ibane Data.fs kwanza ili usihamishe takataka. Fanya jaribio kamili kwa nakala, upime linachukua muda gani. Huo ndio muda wa kuwatangazia wahariri. Siku yenyewe zima wateja wote na ZEO, chukua nakala ya mwisho, kisha `zodbconvert --clear uhamisho.conf`. Chaguo la `--clear` hufuta kilichomo kwenye hifadhidata lengwa, kwa hiyo soma dsn (anwani ya hifadhidata lengwa) mara mbili kabla ya kubonyeza. `keep-history false` inafanya jedwali kuwa dogo na kuandika kuwa kwepesi, lakini kitufe cha Undo kwenye ZMI hakitakuwa na kazi tena. Kama wahariri wako wanakitegemea, weka `true` na upange kubana kwa `zodbpack`. Katika zope.conf ongeza `%import relstorage` juu, badilisha `zeoclient` kwa sehemu ya `relstorage`, washa mteja mmoja tu ukiwa umemwondoa kwenye HAProxy, fungua kurasa, hifadhi moja, pakua picha moja. Zikikubali, washa waliobaki mmoja mmoja, na uiache Data.fs ya zamani ilipo, bila kuigusa, hadi nakala rudufu ya kwanza ya PostgreSQL iwe imerejeshwa kwa mafanikio mahali pengine.